Injini ya Boti Pale Makambako

Yule muuzaji aliponiuliza mume wangu yuko wapi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi la barabara ya kwenda Zambia, plagi mkononi, oili imeshaingia kwenye pindo la khanga. Nilimjibu kwamba mume wangu amelala makaburini kule Mdandu, na kama ana swali lolote kuhusu injini aniulize mimi. Watu waliokuwa wamesimama wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Basi mama, usije ukaniharibia," akageuka kupokea simu.

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Watoto wangu wananiambia yamekwisha, niyaache. Hayajaisha. Kila nikipita Makambako kupeleka mahindi natazama upande wa duka lile.

Mimi nina mashine ya kusaga. Mume wangu aliiacha, nami nimeiendesha mwenyewe tangu alipofariki. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi mpaka wanaume wa kijiji waliokuwa wakija kutazama kama tamasha wakachoka, wakarudi kwenye shughuli zao. Fundi wa mwisho niliyemwita alinidanganya kuhusu ringi za pistoni. Nilimfukuza, nikapanda gari kwenda Njombe mjini, nikanunua ringi mwenyewe na kuzifunga mwenyewe. Pikipiki ikipita barabarani naweza kukwambia inaumwa nini kabla haijafika kwenye kona. Najivunia jambo hilo, na majivuno hayo yamo ndani ya habari hii, kwa hiyo nayataja mapema yasije yakaonekana nimeyaficha.

Binti yangu ni muuguzi. Zahanati aliyopangiwa iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, kwenye kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Gari halifiki. Mjamzito akishindwa kujifungua pale zahanati, njia ya kumfikisha hospitali ni ziwa. Kijiji kina boti ya mbao, na boti ilikuwa na injini, mpaka siku ilipozimika mbali na nchi kavu ikiwa imembeba mama mwenye uchungu. Binti yangu alikuwamo. Walipiga makasia tangu asubuhi hadi jua linazama, upepo unawarudisha. Mama yule alipona. Mtoto hakupona. Binti yangu aliponisimulia kwa simu hakulia, alinisimulia kama anayesoma ripoti, na mimi ndiye niliyelazimika kukaa chini juu ya gunia la pumba.

Kwa hiyo kijiji kikachanga. Wavuvi, wauza usipa, wale dagaa wa ziwani, kwaya ya kanisa, kila mtu alitoa alichonacho. Halafu mtu mmoja akatuma picha kwenye WhatsApp: injini nyeusi inayong'aa, inauzwa Makambako, imetumika lakini kidogo. Binti yangu akaiambia kamati ya mchango, msinunue mpaka mama yangu aione, mama yangu anazijua injini na kutoka kwake mpaka Makambako si mbali. Kamati ikakubali. Wakamtuma nahodha wao, yule anayeiendesha boti, aje akutane nami, na tukiridhika ailipie na kuondoka nayo.

Nilimkuta stendi asubuhi. Alikuwa mzee mwembamba kuliko mimi, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilipita viganja, na alikuwa akitetemeka. Ulikuwa Julai, na baridi ya Makambako mwezi wa saba haimhurumii mtu aliyezoea joto la ziwani. Alinisalimia kwa mikono miwili akainama kidogo, akanipa mfuko wa usipa uliotoka kwa binti yangu. Alikuwa amesafiri siku mbili. Kila alichotaka kusema alikianza kwa "samahani, mama," hata alipotaka kuniambia kwamba kamba ya kiatu changu imefunguka.

Duka lenyewe lilikuwa banda la mabati, katikati ya duka la pembejeo na uwanja wa mbao. Humo mlikuwa na pampu za kumwagilia, jenereta, misumeno ya mnyororo imening'inizwa ukutani kwa safu. Injini ya boti ilikuwa nje, mbele kabisa, imefungwa kwenye jukwaa la mbao kama mtu aliyepandishwa kuhubiri. Makambako haina ziwa wala mto wa maana. Lakini vitu vyote vinavyoteremka kutoka Dar vinapita pale, na vingine, mwenyewe akiishiwa nauli au subira, vinabaki.

Muuzaji alitupokea vizuri. Alinisalimia "kamwene" kwa sauti ya unyenyekevu, akaagiza chai ije, akatusimulia kwamba injini ilikuwa ya mzungu mmoja aliyeitumia Jumapili tu. Sijui wazungu hao wa Jumapili ni wangapi katika nchi hii. Kila gari, kila jenereta, kila friji iliyotumika niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa ya mmoja wao. Nilikunywa chai yake, nikamwomba bisibisi na spana.

Nikaanza kazi. Kwanza nilitazama vichwa vya skrubu. Alikuwa ameapa kwamba injini haijawahi kufunguliwa, na skrubu zilikuwa zimechubuka makali yote, halafu zikapuliziwa rangi nyeusi juu ya mchubuko. Nilimwonyesha. Akasema labda ni kiwandani. Nikatoa plagi, na plagi zote mbili zilikuwa mpya kabisa, hata herufi zake hazijafifia. Nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikamwambia nahodha avute kamba polepole, na pumzi ikakisukuma kidole vizuri, tundu la juu na la chini. Nikashika propela nikaitikisa, haikuwa na mchezo wa kulegea. Nikalegeza skrubu ya chini ambako oili ya gia inakaa, nikaipokea kwenye vidole na kuisugua. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi na safi. Nikaifunga.

Wakati wote huo muuzaji alikuwa akizunguka. Alikuwa akimsemesha nahodha, si mimi. Nikiuliza mafuta yanachanganywa na oili kwa kipimo gani, jibu linakwenda kwa nahodha. Nikiuliza mwaka, jibu linakwenda kwa nahodha. Nahodha naye kila akijibiwa alinitazama mimi, akisubiri nichukue jibu lililoelekezwa kwake kimakosa. Mwishowe muuzaji akaniambia, "Mama, unanunua au unakagua?"

Nikamwambia, "Siwezi kununua bila kukagua. Kwenye boti ya injini hii atapanda mwanangu."

Ndipo akaniuliza habari za mume wangu.

Sasa niseme jambo kuhusu huku kwetu, ili mtu asiyekujua aelewe. Huku ni nchi ya mbao. Msumeno wa mnyororo tunaujua kuliko redio. Mtu akitaka kununua msumeno uliotumika, hakuna habari ya karatasi wala maneno mengi. Anasema, "Upige tuusikie." Muuzaji anavuta kamba, msumeno unanguruma, unapandishwa mpaka unalia, na watu wote waliopo wanatoa hukumu, hata asiye na shilingi mfukoni. Ukiwaka kwa mvuto wa kwanza, ni mzima. Ukiwaka kwa mvuto wa tatu, una kasoro na bei inashuka. Anayenunua bila kuusikia atachekwa mpaka mavuno yajayo. Na injini ya boti, ukiivua kofia yake, ina kamba ya kuvuta, ina plagi, inatumia petroli iliyochanganywa na oili, na sauti yake ni ileile. Kila mtu pale aliiona kama msumeno mkubwa. Na mimi pia.

"Ipige tuisikie," akasema mpakia magunia mmoja aliyekuwa ameegemea gari.

"Ipige, bosi," wakadakia waendesha bodaboda.

Muuzaji akasogea kwa furaha, na ilionekana alikuwa akiisubiri sehemu hiyo. Nikamzuia. Nilisema nitavuta mwenyewe. Nilitaka kuisikia kwenye bega langu, na sitaki kudanganya, nilitaka pia anione. Nikarudisha plagi, nikakaza, nikafunga khanga vizuri kiunoni.

Nahodha akanisogelea pembeni. "Samahani, mama," akasema kwa sauti ya chini, "sisi kule hatuiwashi nje ya maji."

Nilimjibu bila hata kugeuka. Nilimjibu, "Mzee, injini ni injini."

Naandika maneno hayo na masikio yananiwaka. Nilikuwa nimeshinda nusu ya asubuhi nikichukia kudharauliwa, nikihesabu kila jibu lililonipita, na hapohapo nikamfanyia vilevile mtu ambaye ameishi na injini hizo tangu ujana wake. Niliona koti la kuazima. Niliona mikono inayotetemeka. Nikadhani anaogopa mashine.

Nilivuta, ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Watu wakashangilia. Nikaipandisha, ikalia mpaka mabati ya banda yakatetemeka, na sauti yake ilikuwa safi, haina kikohozi wala kugonga. Nilifurahi, nakiri. Nikamtazama muuzaji kwa jicho la mtu aliyethibitisha jambo. Nahodha alikuwa ameinama upande wa nyuma, anachungulia kitundu kidogo chini ya kofia ya injini, kidole amekitanguliza.

"Haikojoi," akasema.

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia hata harusini. Mmoja akasema ipelekwe hospitali ya mkoa. Mwingine akasema mzee amesahau kuinywesha chai. Nami nilicheka. Si sana, lakini nilicheka, na mzee aliniona nikicheka. Akanyooka, akarudisha mikono ndani ya koti.

Niliizima, nikamwambia muuzaji tutakula kwanza halafu tutarudi kuzungumza bei.

Tulikaa mgahawani, tukaagiza wali na maharage. Nikampigia binti yangu nikiwa na sauti ya ushindi. Nikamsomea yote: skrubu zimechubuka lakini ndani ni nzima, pumzi ipo, oili safi, imewaka mara moja.

"Na maji yalitoka, mama?" akauliza.

"Maji gani?"

"Ya pembeni. Injini ikiwa ndani ya maji inayavuta ili ipoe, halafu inayatema kwa tundu la pembeni. Ndiyo tunayatazama kila tunapoondoka. Yasipotoka hatuendi."

"Hapa hakuna ziwa, mwanangu. Imefungwa kwenye ubao."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. "Mmeiwasha kavu?"

"Kidogo tu."

"Mama, ndani kuna mpira unaozunguka kuvuta maji. Ukiwa mkavu unajisaga wenyewe. Nahodha anajua hayo. Hakukwambia?"

Mzee alikuwa mbele yangu, anakula taratibu, macho kwenye sahani. Ningeweza kusema chochote. "Aliniambia," nikasema.

Nilipokata simu nilisukuma sahani pembeni. Nyumbani kwangu, pembeni ya mashine ya kusaga, kuna pipa la maji. Kazi yake ni kupoza injini. Kila asubuhi nalijaza kabla sijagusa kitu kingine, na mtu akithubutu kuchota humo maji ya kunawa nampigia kelele mpaka majirani wanatoka. Mimi, mwenye pipa hilo, nilikuwa nimesimama Makambako nikiipandisha injini ya boti kavu huku watu wakinipigia makofi.

"Twende," nikamwambia nahodha. Hakuuliza wapi.

Tulimkuta muuzaji ameshaandaa kitabu cha risiti. Nilimwambia nataka injini ijaribiwe ndani ya maji. Akatabasamu. Akasema mtailipia, mtaishusha ziwani, mkiwa huko mtaijaribu mnavyotaka. Nikamwambia, nikiwa huko wewe utakuwa hapa. Akasema hajawahi kuona mteja msumbufu kama mimi, na kwamba wateja wote walioipenda waliiwasha hivyohivyo, hakuna hata mmoja aliyedai bwawa la kuogelea.

"Wateja wangapi?" nikamwuliza.

"Wengi tu. Tangu Pasaka iko hapo nje. Kila siku inawaka, siku nyingine mara tatu. Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Alikuwa akijisifu. Tangu Pasaka, kila aliyepita na gunia lake au pikipiki yake alisema ipige tuisikie, naye akaipiga. Nilimtazama nahodha, naye alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikia habari ya msiba.

Ng'ambo ya barabara kuna vijana wanaoosha malori. Nilivuka, nikawaomba pipa lililokatwa katikati na mpira wao wa maji, nikawaahidi soda. Muuzaji akapiga kelele nyuma yangu kwamba jukwaa ni lake na injini ni yake. Nikamgeukia nikamwambia mbele ya wote kwamba kama ni nzima, dakika mbili za maji zitamwuzia leo hiihii, na kama anakataa, kila mtu aliyesimama hapa atajua kwa nini. Wapakia magunia wakanguruma kuniunga mkono. Hawakuwa upande wangu, walitaka tu kuona. Akafungua mikono kuturuhusu.

Pipa likaviringishwa, likasukumwa chini ya jukwaa mpaka mguu wa injini ukazama, likajazwa. Safari hii nilimwambia nahodha, "Mzee, fanya wewe." Akavua koti. Akahakikisha gia imeachia, akavuta, ikawaka, maji kwenye pipa yakaanza kuchemka kwa moshi. Hakuipandisha. Aliiacha ingurume chinichini, akainama, akaweka kidole kwenye kile kitundu, akasubiri. Hakuna aliyecheka sasa. Sote tulikuwa tunakitazama kidole cha mzee.

Hakikulowa. Dakika ikapita, harufu ya rangi inayoungua ikaanza. Mzee akaweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa haraka, akaizima.

"Ni takataka zimeziba," akasema muuzaji. "Nyigu wanapenda kujenga humo." Na ili kutuaibisha akachukua spana mwenyewe, tukaiinua injini, akafungua boliti za mguu, akauchomoa, akafungua kijumba cha pampu.

Hapakuwa na nyigu. Palikuwa na kitovu cha mpira kilicho uchi, na mbawa zake zote zimekuwa makombo meusi, magumu, ya kuvunjika kwa kucha. Nahodha aliyakusanya kiganjani. Mimi nikatoa plagi zile mpya. Asubuhi zilikuwa hazina la kusema kwa sababu lazima alizibadilisha kabla hatujafika, hazijawahi kufanya kazi, sasa moja ilikuwa na vipunje vidogo vinavyong'aa kwenye ncha yake. Vipunje hivyo ni pistoni inayoyeyuka. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la chini, mzee akavuta kamba, na pumzi iliyotoka isingeweza kuzima kiberiti.

Muuzaji alitazama plagi, akatazama watu, halafu akaninyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyeiwasha leo. Umevuta kamba kwa mkono wako, watu wote ni mashahidi. Umeniulia injini, na utaichukua."

Na ni kweli nilivuta. Mtu ameiua injini yake siku baada ya siku tangu Pasaka, kwa kuonyesha kwamba ni nzima, halafu ananinyooshea kidole, na kidole chenyewe hakikukosea kabisa. Nilihisi machozi yanapanda, machozi ya ghadhabu, na nilimchukia zaidi kwa kuyaona.

Nahodha ndiye aliyezungumza. Hakuanza na samahani. Alinyoosha kiganja chenye makombo. "Mpira uliokufa leo unakuwa laini na unanata," akasema. "Huu umekauka. Huu ulikufa muda mrefu, na wewe ukaendelea kuupiga. Angalia mwenyewe." Akayamwaga makombo juu ya kitabu cha risiti. "Injini hii ilikuwa nzuri. Ningeililia kama ingekuwa yangu."

Muuzaji akasema sisi si wanunuzi, tumekuja kumpotezea siku. Akaanza kuifunga injini mbele yetu, mpira uleule uliokufa ndani, boliti zilezile, akaivisha kofia na kuifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema duka ni lake. Nikamwuliza kama atamwambia mteja ajaye. Akasema mteja ajaye ana macho na masikio, aje aisikie mwenyewe.

Nikawageukia wale waliosimama. Niliwaambia kwamba kuna watu watapanda boti kwa injini hii, wajawazito, watoto, na itazimika ziwani, kwa hiyo wasimwambie tena mtu huyu aiwashe kavu. Yule mpakia magunia alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa mama, isipowashwa tutajuaje kama ni nzima?"

Tulitembea hadi stendi. Vijana wa malori nilikuwa nimewanunulia soda, na moja nilimpa nahodha, akaishika bila kuifungua. Alikuwa anarudi Njombe alale kwa ndugu yake, kesho Ludewa, keshokutwa ashuke mlima mikono mitupu, na kule chini boti inasubiri kwa makasia. Fedha za watu zilikuwa salama, lakini hakuna anayevuka ziwa kwa fedha.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia nilikosea kumkatiza, na nilikosea zaidi kucheka. Akasema hakuna neno, mama, wala usijisumbue. Upole wake ulinichoma. Nilijikuta namkasirikia yeye sasa, zaidi ya muuzaji. Nilimwuliza kwa nini alisema mara moja tu. Alijua, pale yeye peke yake ndiye aliyejua, kwa nini hakunishika mkono, hakupiga kelele, hakuniita mjinga mbele za watu.

"Wewe ni mama yake nesi," akasema. "Alituambia unazijua injini. Ningekupingaje mbele za watu?"

"Na kama binti yangu asingeuliza habari za maji? Ungeilipia?"

"Ningeilipia."

"Ungeifunga kwenye boti?"

"Ningeifunga."

Basi lilikuwa limeshawashwa, kondakta anaita. Nilishika mkono wa lile koti, sikutaka aondoke. Nilimwuliza, siku ya kwanza mtakayopakia mgonjwa, binti yangu akikuuliza kama injini ni nzima, na wewe unajua unayoyajua, ungemjibu nini.

Alifikiri. Nadhani alitaka kunipa jibu la kweli, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba ukweli.

"Ningemwambia apande tu," akasema. "Ningemwambia imechaguliwa na mama yake."

Alisema hivyo kwa heshima zote, akanishukuru kwa soda, akapanda basi.